Gari Lisilo na Paa la Mwalimu Ndunge

Nyinyi mliobaki gerejini mmenisemesha zaidi tangu nistaafu kuliko mlivyonisemesha tulipokuwa chini ya bati moja. Swali huwa lilelile: mteja ana gari la wazi, anataka kwenda kulikimbiza kiwanjani, tumfungie nini? Simu hukatika katikati ya maelezo, na katika kazi hii jibu nusu ni baya kuliko kunyamaza. Basi nimeona niandike. Nitaanza mbali kidogo. Mwenye haraka akatengeneze redio.

Nilitoka Tezo nikijua kushona magunia na sare za shule. Fundi wa viti pale gerejini Malindi alikuwa Athmani, mtu wa makamo wa mji wa kale, aliyefanya kazi na kikoi chake na kukataa katakata kuvaa suruali. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua macho, akanisogezea kiti cha gari la hoteli. Mwenye gari alitaka kitambaa kipya cha rangi ya maziwa. Fundi Athmani akanipa msharasi wa kutobolea ngozi na kisu, akaniambia nifumue mgongo wa kiti polepole.

Nikafumua. Ndani ya sponji, kwenye kishimo kilichokauka rangi ya kutu, nilikuta jino. Jino la mtu mzima, la mbele, zima mpaka mzizi wake.

Sikupiga kelele. Niliuweka msharasi chini, nikamwita fundi. Fundi Athmani alikuja, akatazama, akatoa leso yake safi akalifunga. Mwenye gari alipoitwa, naye alishtuka kuliko mimi. Gari alilinunua mkononi mwa mtu na hakuambiwa habari ya ajali yoyote. Yule aliyekaa nyuma bila mkanda hatujamjua mpaka leo. Fundi alilizika jino nyuma ya gereji kwa heshima zote, akanawa mikono, akarudi.

“Mwanangu,” akaniambia, “usimshonee mtu kiti kabla hujakifungua. Na akikwambia gari lake halijapata kitu, mwitikie, kisha ukifungue vilevile.”

Halafu akanihimiza niendelee, kwa kuwa mteja alikuwa akisubiri rangi yake ya maziwa.

Miaka iliyofuata nilijifunza zana. Sindano iliyopinda kama mwezi mchanga, kwa pembe ambazo mkono hauingii. Uzi uliopakwa nta, maana chumvi ya pwani hula kila kitu. Nyundo ndogo yenye sumaku, ambayo hushika misumari midogo ili usiishike kwa midomo, ingawa Fundi Athmani aliishika kwa midomo vilevile na kuzungumza nayo humo. Lakini alichonifunza kwa bidii zaidi kilikuwa mikanda. Alinionyesha jinsi ya kuuvuta mkanda wote hadi mwisho na kulinganisha rangi ya sehemu inayokaa juani na ile inayojificha ndani. Rangi zikitofautiana sana, jua limeshakula nyuzi.

Siku moja lililetwa gari la kuwapeleka wageni mbugani, ambalo kwa miaka mingi liliegeshwa karibu na bahari kati ya safari, paa la turubai limefunguliwa. Dereva alitaka tumshonee viti tu. Nikauvuta mkanda wake, nikaona umepauka. Nikaukunja, nikaupinda kwa mikono yangu hii miwili, ukachanika. Dereva alikuwa ametoka kumshusha mgeni saa ileile, amefungwa kwa mkanda huohuo. Alisimama akikitazama kile kipande kilichochanika mkononi mwangu, kisha akaenda kando akatapika. Fundi Athmani alimletea maji. Hakumwambia neno la lawama, nami nikajifunza hilo pia: mtu aliyeshtuka kiasi hicho hahitaji hotuba.

Fundi Athmani alipofariki niliachiwa meza yake. Wakati huo ndipo mchezo wa kukimbiza magari ulipoanza upande wa Adu, kwenye kiwanja cha ndege ndogo kilichoachwa siku nyingi. Si mashindano. Mtu analipeleka gari lake, analizungusha zamu kwa zamu, anaendesha kwa kasi ambayo barabarani ingempeleka mahakamani au makaburini. Mbuzi hufukuzwa kwanza, kisha magari, kisha mbuzi hurudi. Watu wale walikuwa na barabara nzuri ya lami inayowafikisha mahali, wakatafuta mbovu inayowarudisha walipoanzia. Sikuwaelewa, lakini walikuwa na masharti makali ya usalama, na hilo nililiheshimu.

Asubuhi moja aliingia gerejini Bwana Musyoka, Mkamba aliyekuwa na duka la pampu za maji mjini. Mtu mrefu, mpole, wa maneno machache. Alikuwa ameketi katika kigari chekundu kisicho na paa, magoti yakigusa usukani. Alisema gari linakwenda Adu na linahitaji vifaa vya usalama. Charo, mchomeleaji wetu, akatoa chaki na futi. Tukampima mabega, tukampima kiuno, tukapima kichwa chake kinafika wapi. Alitulia kama mtu kwa kinyozi. Tulipomaliza akatoa miwani yake, akaifuta.

“Nimeona si adabu kuwakatiza,” akasema. “Lakini huko Adu mimi siendeshi. Anayeendesha ni Mwalimu.”

Charo aliangusha futi. Mwalimu Ndunge tulimjua sote. Huyo mke wa Bwana Musyoka alikuwa amefundisha fizikia katika shule ya wasichana mpaka akastaafu. Mabinti wa nusu ya mji walikuwa bado wakimwona barabarani wanaficha simu. Alikuja alasiri na gauni la kitenge na mkoba wa mkononi, mfupi kiasi kwamba alipoketi kwenye kile kiti, kutoka nyuma ya gari tuliona kitambaa cha kichwa tu. Nilikuwa nimejiandaa kumshauri kama wanavyoshauriwa wazee. Sikupata nafasi.

“Nimefundisha mwendokasi ubaoni maisha yangu yote,” aliniambia. “Sasa nataka niuonje. Niambie kinachoua watu kwenye gari la namna hii, Mama Karisa, tuanzie hapo.”

Hilo ndilo swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa na mteja, nanyi mjiulize kila mara. Gari lenye paa likipinduka, paa linapigana kidogo. Gari la wazi halina cha kupigana nacho isipokuwa kioo cha mbele na kichwa chako. Kwa hiyo cha kwanza ni upinde wa chuma nyuma ya kiti. Gari la Mwalimu lilikuwa nao tayari, unang'aa, na Bwana Musyoka alikuwa ameupenda sana. Charo aliugonga kwa kucha, akakunja uso. Mwalimu alimwambia atoboe tundu dogo aone unene. Alipotoboa, keekee ilipenya kabla hajaiegemea. Chuma kilikuwa chembamba kama mfuniko wa kopo la kakao, na miguu ya upinde ilikuwa imeshikwa kwa skrubu kwenye bati la pambo. Charo akaushika kwa mkono mmoja, akautikisa, ukatoka na vipande vya plastiki.

Tulimtazama Bwana Musyoka. Yeye ndiye aliyeliendesha gari lile kutoka Mombasa, kando ya malori, akiamini ana ngao mgongoni.

“Na likipinduka?” akauliza kwa sauti ndogo. Tangu siku ile aliuliza swali hilo kwa kila tulichokifunga.

Charo alitengeneza upinde mpya wa bomba nene lisilo na mshono, wenye miguu ya kuegemea nyuma na mhimili wa mshazari katikati. Kila mguu ulikaa juu ya bamba la chuma, na bamba jingine likawekwa chini ya sakafu, bolti zikapita katikati ya yote mawili. Bila lile bamba la chini upinde hutoboa sakafu na kuzama. Kisha mtu aketi garini na helmeti kichwani, uweke ubao ulionyooka kutoka juu ya upinde hadi juu ya kioo cha mbele. Helmeti iwe chini ya ubao, na nafasi ibaki. Lakini msiutegemee ubao peke yake. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyetukumbusha kwamba kioo cha mbele kinaweza kulala, na kikilala mstari wenu mzuri umekwisha. Akataka upinde uzidi helmeti yake kwenda juu hata kama kioo hakipo. Charo akaupandisha.

Helmeti ya pikipiki, ambayo wengi huja nayo, haikutengenezwa kustahimili moto; achaneni nayo. Kwenye gari la wazi chukueni inayofunika uso wote, maana kokoto huja. Nguo ziwe za kutoshika moto, na za ndani zisiwe nailoni, inayoyeyukia mwilini. Nilipolisema hili Bwana Musyoka alitoka nje kwenda kuangalia hali ya hewa. Kizima moto kifungwe kwa bano la chuma, dereva akifikie akiwa amefungwa. Kikifungwa kwa plastiki, siku ya ajali kitakuwa kombora.

Sasa mikanda. Mwenye gari la wazi akitaka mikanda ya kumbana mabega bila upinde wa kweli, mkatalieni. Utakuwa umemfunga mtu akae wima aingoje ardhi. Upinde ukiwapo, mikanda ya mabega itoke nyuma kwa usawa wa mabega au chini yake kidogo tu. Ikiteremka mpaka sakafuni, kwenye ajali itaushindilia uti wa mgongo kama mtu anavyoshindilia gunia la mkaa. Na iwepo ya kupita katikati ya mapaja, ili mwili usiteleze chini.

Bwana Musyoka alikuwa ameshanunua seti nzima kwa njia ya mtandao. Myekundu, mizuri, kibandiko kinaonyesha haijapitwa na muda. Nilipoishika, vidole vyangu vilikataa. Mishono ilikuwa michache, uzi laini kama wa shati, na ukingo wa kibandiko ulikuwa umeinuka. Nikauinua kwa ncha ya msharasi. Chini yake kulikuwa na kibandiko kingine, cha zamani, kilichokwaruzwa.

Niliwaambia hapohapo haifai. Bwana Musyoka alikuwa mtu wa haki, akaomba aone. Tukaufunga mkanda kwenye mnyororo wa winchi, upande wa pili tukaning'iniza injini mbovu ya lori, tukaiinua kidogo juu ya rundo la matairi. Msije mkaijaribu mikanda mizuri namna hii. Ukishauvuta mkanda kwa nguvu hiyo umeshautumia. Injini haikupanda kiasi cha shubiri. Mishono ilifunguka kimyakimya, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayefungua vifungo vya kanzu, na injini ikarudi chini kwa kishindo kilichotikisa bati la gereji.

Bwana Musyoka alijikalia kwenye tairi. Uso wake ulikuwa umegeuka rangi ya majivu. Alikuwa na kipande chekundu mkononi, anakizungusha.

“Nilichagua rangi,” akasema. “Nilikaa usiku kutafuta inayofanana na gari lake.”

Mkewe aliketi kwenye tairi la pili. Sisi tukajifanya tuna kazi upande mwingine.

Mikanda ya kweli tuliagiza kupitia wenye kiwanja cha Adu, pamoja na kifaa cha kuzuia shingo, kile kinachokaa mabegani na kufungwa kwenye helmeti ili kichwa kisitupwe mbele. Ilipofika niliifunga mwenyewe, kwa vipimo vya Mwalimu. Yote aliyakubali isipokuwa kitu kimoja: kamba za mikono. Hizi huvaliwa chini ya kiwiko na kuunganishwa na bizimu ya mkanda, ndefu ya kutosha kushika usukani, fupi ya kutosha mikono isitoke nje ya gari. Mwalimu alizivaa, akajaribu kuinua mikono, ikagota. Akasema hajapata kufungwa kama mbuzi tangu azaliwe, na kwamba mwenye akili atajishika mwenyewe.

Bwana Musyoka alikuwa amesimama mlangoni. “Na likipinduka,” akauliza, “mikono yako itakwenda wapi?”

Mwalimu aliitazama mikono yake. Nilimwona akipiga hesabu machoni, ile ya vitu vinavyozunguka na kurushwa nje. Alinyoosha mikono yote miwili mbele yangu, nikazifunga zile kamba.

Siku ya Adu tulikwenda mimi na Charo. Jua lilikuwa kali, vumbi jekundu, mbuzi wameshafukuzwa. Bwana Musyoka alisimama karibu yangu amebeba mkoba wa mkewe kifuani kama mtoto mchanga. Mwalimu alianza polepole. Zamu iliyofuata akaongeza, na iliyofuata tena akaongeza, mpaka wale vijana wenye magari makubwa wakaacha soda zao wakaja ukingoni kutazama. Nilihisi fahari, sikatai. Hata Bwana Musyoka alitabasamu.

Kwenye kona ya mwisho gurudumu la nyuma lilitoka nje ya lami. Lilikuwa jambo dogo tu, shubiri moja ya mchanga. Gari likageuka ubavu, mchanga ukalishika, na kile kigari chekundu kikainuka juu kikiwa kimya kabisa. Niliona sakafu yake. Niliyaona mabamba ya Charo na bolti zake zikimetameta juani. Kisha kikaanguka kichwa chini, kikaburuzika, vumbi likafunika kila kitu.

Sijui nilikimbiaje. Miguu yangu ni ya mtu aliyekaa kwenye stuli umri wake wote. Nakumbuka tu kwamba hakukuwa na sauti, na kwamba kioo cha mbele hakikuwapo. Kilikuwa kimelala kama mkeka. Mtu wa kiwanja alikuwa ameshazima umeme wa gari kwa swichi ya nje, mwenzake amesimama na kizima moto. Kijana mwingine, mmoja wa wale wenye magari makubwa, alikuwa amelala kifudifudi anapenyeza mkono atafute bizimu.

“Usifungue!” nilimwambia. “Ukifungua ataangukia shingo.”

Akautoa mkono kama aliyeungua. Nikapiga magoti, nikachungulia. Mwalimu alikuwa ananing'inia, helmeti haijagusa ardhi, mikono imekunjwa kifuani na zile kamba zimekazika. Macho yake yalikuwa wazi, hayapepesi.

“Mwalimu, wanisikia?”

Macho yakanigeukia taratibu.

“Nakusikia, Mama Karisa,” akasema. “Mbona mmesimama kichwa chini?”

Charo alijipenyeza kwa tumbo chini yake, akainua mgongo mpaka ukagusa mabega ya Mwalimu, akaubeba uzito. Mtu wa huduma ya kwanza akashika helmeti kwa mikono miwili. Ndipo nilipoibonyeza bizimu. Mikanda ikaachia, na zile kamba za mikono pamoja nayo, na Mwalimu akatua juu ya mgongo wa Charo kama gunia la unga. Tulimtoa tukamlaza kivulini. Meno yake yalikuwa yanagongana kwenye joto lile, lakini aliweza kuvitaja vidole vyake vyote, na vyote vilikuwapo.

Bwana Musyoka hakuwa amekimbia. Nilipogeuka nilimwona palepale nilipomwacha, bado amekumbatia mkoba, hatua moja hajapiga. Ilibidi niende nimshike mkono nimwambie yu hai. Alinitazama kama ninasema lugha asiyoijua. Nilimwongoza mpaka kwa mkewe, akapiga magoti, akaufungua ule mkoba, akatoa miwani yake Mwalimu na kumvisha. Ilikaa upande.

Gari lilipogeuzwa, nilitamani nisiangalie. Kilele cha upinde kilikuwa kimesagika mpaka kinang'aa, mchanga umeshindiliwa kwenye maungio. Migongo ya glovu za Mwalimu ilikuwa na mikwaruzo miwili ya mchanga. Mikono ilikuwa imetaka kutoka, ikafika ukingoni, ikazuiwa hapo. Charo aliziona, akaenda kukaa peke yake nyuma ya gari letu.

Hospitalini walimkuta na michubuko ya mikanda mabegani na kifuani, na mfupa wa bega umepata ufa. Akarudishwa nyumbani.

Baada ya siku chache Bwana Musyoka alikuja gerejini na ile mikanda imekunjwa vizuri kwenye karatasi, kama nguo ya sikukuu. Aliomba nimsafishie mchanga, akaiweke nyumbani, kabatini. Nilimweleza kwamba mkanda uliombeba mtu kwenye ajali umemaliza kazi, hata kama macho hayaoni kitu. Ukikaa kabatini, siku moja ndugu au jirani atauona ni mzima, ataufunga kwenye gari jingine. Sheria ni kuukata vipande.

Alifikiri. Aliniambia Mwalimu ameshauliza upinde mpya utakuwa tayari lini. Neno hilo lilimtoka kwa sauti ya mtu anayetoa habari za mvua. Kisha akautandaza mkanda wa bega juu ya meza, akaushika ncha moja.

“Kata,” akasema.

Nikachukua mkasi mkubwa. Mikono hii haikusita pale Adu, hata nilipoibonyeza bizimu. Lakini nilipouweka mkasi juu ya kile kitambaa sikuweza kuufunga. Nilijaribu tena, nikashindwa tena, machozi yakaanza kudondoka mezani. Bwana Musyoka alizunguka meza, akaweka mkono wake mkubwa juu ya wangu. Tukabonyeza pamoja.